Napoca, Emisala na Jina Nisiloweza Kulitamka

Vijana wangu, Jumanne mlipofika na simu zenu mliniacha nikizungukazunguka uani, mkadhani ni miguu ya uzee inayonisumbua. Si miguu. Sharon, wewe uliyekuwa mbele ya wenzako uliniuliza mimi bibi yenu swali moja tu: "Kukhu, hii jina Emisala ilitoka wapi? Tunataka kuiweka kwa ramani na hadithi yake." Nikakumiminia chai, nikauliza habari za mama yako, nikawaonyesha migomba yangu iliyougua, na mkaondoka bila jibu. Tangu hapo sijakaa kitako. Naanza kuosha sufuria naiacha na povu. Nachukua jembe, nafika shambani, nakumbuka sikuja kulima. Sasa nimeshika kalamu, na hii sitaiweka chini mpaka nimalize.

Jibu ninalo. Pale mnapopaita Emisala, hapa kwetu Matungu, palikuwa na jina jingine, na aliyeliondoa kwenye ramani ni mimi. Kesho ni baraza la kuchagua jina la zahanati mpya. Wifi yangu Rispa, dada wa marehemu mume wangu Festo, anataka zahanati ipewe jina la zamani, lakini wazee wamemwambia yeye ni binti wa nyumba yenye jina hilo, hawezi kuwa shahidi wa nyumba yake. Wanataka mtu mwingine aliyelijua jina kabla ya ramani. Miezi miwili amekuwa akiniambia, "Dorika, wewe ulikuwanga ofisini. Simama useme." Nami namjibu nitafikiria. Mpaka jana hakujua ninachofikiria.

Lakini mtu hali ugali kwa kuanzia katikati ya sinia. Niwaambie kwanza kazi yenyewe ilikuwaje, maana ninyi mnaifanya upya na mnadhani mmeianzisha.

Nilikuwa karani wa majina katika ofisi ya ramani mjini Kakamega. Wapima ardhi walikuwa na minyororo yao na darubini ya miguu mitatu. Kazi yao ilikuwa kujua mlima uko wapi na una urefu gani. Kazi yangu ilikuwa kujua unaitwaje. Nilitembea na daftari, penseli mbili na wembe. Wembe ulikuwa wa kuchongea penseli na wa kukwangulia makosa, maana wachoraji wetu walichora kwa wino juu ya karatasi ngumu, na herufi ikikosewa ilikwanguliwa polepole mpaka karatasi isahau. Mkono mzito ulitoboa karatasi, na aliyetoboa alinunulia ofisi nzima mandazi. Mwaka wangu wa kwanza niliwalisha watu sana.

Makosa yangu mengine yalikuwa ya miguuni. Niliwahi kuingia mnada wa ng'ombe wa Lubao asubuhi na mapema, daftari wazi mkononi, nikamuuliza mzee mmoja, "Kile kijito kinaitwaje?" Aliliangalia daftari, akamwangalia ng'ombe wake, akafungua kamba na kuondoka. Wa pili naye hivyo hivyo. Kabla jua halijapanda, nusu ya mnada ilikuwa imehamia upande wa pili wa barabara, kwa sababu habari ilikuwa imeenea kwamba kuna mama wa serikali anaandika mifugo ya watu. Kuanzia siku ile daftari langu lilisafiri ndani ya kikapu, chini ya mboga, na liliandikwa nikishaachana na mtu.

Kosa jingine lilikuwa Butere. Nilifuata mto mmoja mdogo mchana kutwa, nikiuliza kila nilipofika, na kila nilipofika nilikuwa nimesimama kwenye ua wa mtu. Nikarudi na majina manne ya mto mmoja, na yote manne yalikuwa ya babu wa mwenye ua. Bwana Makokha alipolisoma daftari alivua miwani.

"Dorika, huu mto umeolewa mara nne?"

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mkubwa wa chumba cha kuchora, mtu mrefu wa Lubao, mpole, mwenye tabia ya kunusa karatasi kabla ya kuisoma. Alinifundisha kwamba jina haliulizwi uani kwa mtu. Linaulizwa mtoni panapochotwa maji, kwa sababu pale hukutana watu wa ng'ambo zote mbili, na hakuna atakayemwachia mwenzake adanganye. Tena haliulizwi kwa kusema "hapa panaitwaje", maana ukimuuliza mtu hivyo anaanza kufikiria atakalo. Uliza, "Mtoto akitumwa kule kuchukua jembe, anaambiwa aende wapi?" Jina la kweli ni lile mtoto anatumwa nalo. Hili mlishike, simu haitawaambia.

Alikuwa na masharti mawili ambayo hakumsamehe mtu. La kwanza, pembeni mwa kila jina uandike nani amekupa, na kama amezaliwa hapo au amekuja. La pili, kabla ya kuondoka mahali, karani asimame mbele ya wenyeji asome kila jina kwa sauti, nao waseme ni sawa. Jina lisilosomwa halikuingia kwenye ramani. Ninyi mnabonyeza kidole, imekwisha. Sisi tulisoma kama katekista anayetangaza ndoa, na mwenye pingamizi alisema pale pale.

Masharti hayo aliyatoa mbali. Alikuwa amesomea upimaji Rumania, siku zile vijana wetu walipopelekwa kusoma nchi za baridi, na mji aliokaa ulikuwa na jina lililomkosesha raha maisha yake yote. Wenyeji waliuita Cluj. Akiwa bado mwanafunzi, serikali ya huko ikatangaza kwamba kuanzia sasa mji utaitwa Cluj-Napoca, ili watu wakumbuke ulivyoitwa zamani za Warumi. Wanafunzi wa Kiafrika wakacheka, barua zao za nyumbani zikawa na anwani ndefu zaidi. Makokha hakucheka. Alianza kuuliza huyo Napoca ni nani.

Tulisikia hadithi hiyo kila mvua iliponyesha na kazi ya nje ikasimama. Nchi ile ilikuwa ya watu walioitwa Wadakia. Warumi wakawapiga, wakachukua migodi na mashamba, wakaleta askari na walowezi. Sasa mkoloni mnamjua, akifika anapaka kila kitu jina lake. Nao walifanya hivyo. Baadaye mji ulipopandishwa cheo waliuvika mbele majina ya ukoo wa makaisari wao, moja baada ya jingine. Ila chini ya kofia hizo zote walibakiza neno Napoca, na neno hilo, wasomi wengi wanavyoona, lilikuwepo kabla yao. Lina maana gani, hakuna ajuaye. Mmoja anasema hivi, mwingine anasema vile, na Wadakia wenyewe hawakuacha maandishi ya kutusaidia.

"Na tunajuaje basi kwamba palikuwa Napoca?" nilimuuliza mara ya kwanza.

"Kwa jiwe la barabara," alisema. "Miaka miwili tu baada ya vita, askari walijenga barabara wakasimamisha jiwe. Likaandikwa kwamba kutoka mji wa Potaissa, njia ya Napoca, mpaka hapo ni hatua elfu kumi. Hilo ndilo andiko la kwanza kabisa la hilo jina. Na askari wenyewe hata hawakuwa wa Roma. Kikosi kilitoka Hispania." Kisha akainama juu ya meza yangu, kama alivyoinama kila mara alipofika hapo. "Dorika, mtu wa Hispania, anafanya kazi ya Mrumi, amesimama katika nchi ya Mdakia. Alimuuliza nani? Aliyezaliwa pale au aliyekuja? Mtu huyo alisema kweli, au alisema tu ili askari aondoke? Hakuandika pembeni. Karibu miaka elfu mbili watu wanabishana kwa sababu karani mmoja hakuandika pembeni."

Mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa msichana wa Butere, nimeolewa karibuni huku Matungu, na Wadakia walikuwa mbali nami kuliko mwezi.

Mwaka wangu wa pili wa ndoa, mimba yangu ya kwanza ikiwa ya miezi sita, kikosi kikatumwa kupima Matungu. Makokha alibaki ofisini kumaliza karatasi za upande wa Butere, akamtuma mpima kijana kutoka Taita, na akanituma mimi. Alifurahi. "Huko ni kwako," alisema, "hawatakudanganya."

Hapa nawaomba mnielewe, hasa ninyi mlioolewa mjini ambao mnamwita baba mkwe kwa jina kwenye simu. Mwanamke aliyeolewa kwetu hatamki jina la baba wa mumewe. Hamshiki mkono, hakai naye kiti kimoja, na jina lake halipiti kinywani mwake, awe hai au amekufa. Ukilitaja, aibu si yako peke yako, ni ya mama yako aliyekulea. Mimi nililelewa vizuri.

Na mahali petu paliitwa kwa jina lake. Baba mkwe alivuka mto Nzoia akiwa kijana, na jembe moja na mke mmoja, kulipokuwa na kichaka na nyoka tupu. Akafyeka, akachimbua chemchemi, akaijengea mawe. Watu wakaja kuchota, wengine wakaomba pa kulima, akawapa. Aliyetumwa maji alitumwa kwa fulani. Hakuna aliyekaa kikao akapachagulia jina, liliota lenyewe pale majini. Wote walilitaja isipokuwa sisi wake wa nyumba ile na wa nyumba za ndugu zake. Sisi tulikuwa na neno letu la kupitia pembeni. Tulisema Emisala, yaani kwenye miti, kwa sababu ya miti aliyoiacha juu ya chemchemi. Lilikuwa neno la jikoni. Hakuna mtoto aliyetumwa nalo.

Tulipima siku tatu. Siku ya nne wazee walikaa kwenye benchi, baba mkwe katikati, na mpima akasema tuyasome majina. Nikasimama na tumbo langu na daftari. Nilisoma vijito, nikasoma kilima, nikasoma njia panda, wazee wakaitikia sawa, sawa. Ikabaki nafasi moja, katikati kabisa ya karatasi. Nilikuwa nimeiacha tupu siku zote tatu, nikiomba Mungu mtu mwingine aijaze.

Mpima akamgeukia baba mkwe. "Mzee, na hapa penyewe tulipokaa panaitwaje?"

Mzee wa heshima hatangazi jina lake mwenyewe mbele ya wageni, eti hapa ni kwangu. Alitabasamu, akaninyoshea fimbo. "Uliza karani. Huyo ni mtoto wetu, anajua yote." Alikuwa anajivuna nami, nilimwona. Wazee wengine nao wakanyamaza wamsikie mtoto wa nyumba aliyesoma.

Ningeweza kuliandika. Mkono haukatazwi. Lakini nikiliandika lazima nilisome kwa sauti, yeye akiwa hatua tano mbele yangu. Nikaandika, nikasoma, "Emisala."

Mpima akauliza, "Mzee, ni sawa?"

Baba mkwe alitazama chini kati ya miguu yake. Akachora kitu mchangani kwa fimbo, akakifuta. "Karani amesema," akajibu.

Na wazee, walipoona yeye amekubali, wakaitikia sawa. Mpaka leo sijui kama alikasirika, au alinihurumia, au aliona ni afadhali jina lake lipotee kuliko mkwe wake aaibike mbele ya watu. Aliishi miaka kumi na moja baada ya siku ile, akala chakula nilichopika, na hakuligusa neno hilo. Ningependa angenitukana hata mara moja.

Lakini hilo silo kosa langu kubwa. Kinywa kilifungwa na mila, na mila hainipeleki mahakamani. Kosa kubwa nilifanya nikiwa peke yangu na penseli. Pembeni mwa Emisala ilipaswa kuandikwa: wanawake walioolewa hapa, neno la heshima. Makokha angesoma mara moja akaelewa, angemtuma mtu mwingine. Niliona haya. Nikaandika: wazee, wenyeji wa kuzaliwa.

Ofisini Makokha aliinusa ile karatasi. "Dorika, hili ni la wazee kweli? Linasikika changa."

"Ni la wazee," nikasema.

Akatia sahihi yake. Mchoraji akaandika kwa wino, na ramani ikachapishwa. Miaka michache baadaye shule ikajengwa, aliyetafuta jina akafungua ramani. Chifu akaandika barua, akafungua ramani. Kibao cha barabarani kikafuata shule. Watoto waliozaliwa nyuma ya hapo wakatumwa Emisala, na basi ikawa kweli kwa kanuni ile ile niliyofundishwa.

Rispa alikuwa ameolewa Butere siku zile. Mumewe alipofariki alirudi kwao, akakuta kibao. Mwanamke yule hana subira, akasirikapo hata mbwa wanajua. Alipanda ofisi hii akashuka ile, akaomba kuonyeshwa aliyefuta jina la baba yake, mpaka karani mmoja akamwonyesha karatasi yenye sahihi. Ya Makokha. Daftari langu hakuliuliza, wala hakuna aliyelitaja.

Siku moja tulikuwa harusini, mimi na yeye tumekaa meza moja, Makokha akaingia na wanawe watatu. Alikuwa amestaafu, nywele nyeupe. Rispa akasimama. "Wewe ndiye mwizi," akamwambia. "Uliibanga jina la baba yangu ukaweka miti. Wanao wajue wanakula jasho la mwizi." Makokha alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilijua kwamba amejua, pengine alijua tangu alipoinusa ile karatasi. Akasema, "Pole, mama," akaketi, akanywa soda yake. Mimi nilikata nyama yangu vipande vidogo vidogo. Hakuwahi kunisema kwa mtu. Alizikwa mwaka juzi huko Lubao, na Rispa aliapa hatakanyaga matanga ya mwizi. Nilienda peke yangu, nikamwambia kwamba nakwenda kliniki.

Sasa mnajua kwa nini Wadakia hawako mbali tena. Nazunguka ua nikimfikiria yule askari wa Hispania na jiwe lake. Nawaza labda alimkuta mwanamke mtoni, mjamzito, ameolewa pale, na mji ulikuwa na jina la baba mkwe wake. Akatoa neno la jikoni, askari akashukuru, akachonga. Labda Napoca ni Emisala yao. Au labda mwanamke yule alikuwa na moyo kuliko mimi. Hatutajua, na hilo halinipi usingizi.

Jana jioni nilimkuta Rispa jikoni kwake akichambua mboga. Nilikaa kwenye kigoda, nikasimama, nikakaa tena.

"Una nini wewe?" akauliza. "Umekuwa kama mtu ameketi kwa siafu."

"Rispa, si Makokha aliyeondoa jina. Ni mimi. Niliulizwa mbele ya baba, nikashindwa, nikasema Emisala. Halafu nikaandika kwamba wazee ndio walisema."

Mikono yake iliendelea na mboga, majani huku, vijiti kule. "Uliondoa jina gani?"

"Unalijua."

"Nataka nisikie. Uliondoa jina gani, Dorika?"

Miaka hamsini karibu. "Wamukoya," nikasema.

Mikono ikasimama.

"Sema tena."

"Wamukoya. Hapa ni kwa Wamukoya."

Akajifunika uso kwa leso. "Tangu tumzike Festo hakuna mtu amemtaja baba hapa nyumbani," alisema humo ndani ya leso. "Nyinyi wote ni wake, na wajukuu wanamwitanga babu tu. Nilikuwanga najitajia mwenyewe, niko peke yangu." Nikanyosha mkono nimguse, akausukuma. "Na siku ya harusi ulikuwa umeketi hapo kando yangu."

"Nilikuwa nimeketi."

"Ukakula nyama."

"Nilikula."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango kwa komeo. Mboga nilimalizia mimi, nikaziacha kizingitini.

Kesho nitasimama barazani nilisome lile jina kwa sauti, kama kazi ilivyotaka. Wakilikubali au wakisema wameshazoea Emisala, hilo ni lao. Wengine wenu mmezaliwa nalo na siwezi kuwanyang'anya. Sharon, ukifika leo kutafuta jibu hutanikuta, ndiyo maana nakuachia karatasi hizi kwa jirani.

Maana asubuhi hii, kabla sijawasha moto, nikiwa bado na kalamu mkononi, Rispa alipita mlangoni pangu amevaa gauni la kanisani, kuku jike mkubwa amebanwa kwapani, miguu imefungwa. Hakunisalimu. Nilimuuliza anakwenda wapi na ingokho mapema hivyo.

"Lubao, kwa watoto wa Makokha," alisema, bila kunitazama. "Vaa viatu. Mimi nitabeba kuku, wewe ndiye utaongea."